Maguta ya Anselmo Yapanda Berea

Rhoda ndiye aliyeniambia kwamba Anselmo anafuga samaki wa umeme.

"Mama Pandu, nakuapia," alisema, ameegemea mlango wangu, mkononi kashika kikombe cha chai, kikombe changu na chai yangu. "Kwao Kigoma samaki hao wapo. Mvuvi akimgusa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Basi yule bwana kamleta mmoja, kamtia kwenye pipa la bluu kule uani kwake. Anamlisha dagaa. Ndiye anayeendesha guta."

"Samaki anaendesha guta?"

"Guta halina petroli, halina moshi, halina mlio. Sasa linakwendaje? Kwa maombi?"

Rhoda ni jirani yangu, mlango kwa mlango, ghorofa ya tisa, South Beach. Ukimpa habari mkiwa mnaingia kwenye lifti, mkifika chini imeshazaa mapacha. Mimi si msemaji. Niliishia darasa la saba kule Tanga, na tangu nimfuate mume wangu Dulla huku Durban, kazi zangu ni mbili: kumlea mwanangu Pandu, aliyepewa jina la babu yake wa Unguja, na kukaanga sambusa za kuuza kwenye saluni za mjini. Asiyesema sana hutazama sana. Kwa hiyo kesho yake nilimfunga Pandu mgongoni, nikaenda kumtazama huyo samaki.

Uwanja wa Anselmo uko nyuma ya duka la magodoro, upande wa Point. Nilimkuta yuko juu ya bati, mrefu, mwembamba, masikio yametoka kama vipini vya sufuria, anazipangusa paneli za jua kwa kitambaa cha maji huku akizisemesha: "Haya, na wewe lete uso. Usilie, usilie, inaisha." Hivyo hivyo ndivyo ninavyomnawisha Pandu.

"Habari za kazi, kaka Anselmo."

"Njema, dada. Mama Pandu, siyo? Karibu!"

Mimi maneno ya kuzunguka siyajui. Nikauliza: "Samaki yuko wapi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akateleza, akajishika kwenye ukingo wa bati, akaendelea kucheka akiwa amening'inia. Pipa la bluu lilikuwa la maji ya mvua. Alisema upepo wa bahari unapaka chumvi kila kitu mtaani kwetu, madirisha, baiskeli, nywele, na paneli ikipakwa chumvi haioni jua vizuri. Kwa hiyo kila asubuhi anaziosha nyuso kwa maji yasiyo na chumvi. Kisha akanyoosha kidole juu kwenye jua, lililokuwa linatuchoma sote watatu.

"Samaki wangu ni yule pale. Tena anajilisha mwenyewe."

Chini ya lile bati yalisimama maguta matatu ya magurudumu matatu matatu, kila moja lina betri chini ya kiti na sanduku la mizigo nyuma. Anselmo na rafiki yake Blaise, Mkongo mwenye duka la simu, walikuwa wanabebea watu bidhaa kutoka maduka ya jumla kwenda kwenye saluni na vibanda vya mjini. Siku ile ile alinibebea ndoo zangu za sambusa. Nilikaa nyuma na Pandu, na Pandu, ambaye kwenye teksi hulia kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, alinyamaza. Guta lilikuwa linasema "zzzz" tu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Ukimuuliza Anselmo kwa nini ameachana na petroli, jibu linategemea wewe ni nani. Wanaume huwaambia habari za mashine ya kusaga. Baba yake alikuwa na mashine kijijini, upande wa Kasulu, ya dizeli, na kwa sababu ya mashine hiyo alikuwa mzee wa kuheshimiwa. Lakini masika yakikata barabara, lori la mafuta halifiki, mashine inanyamaza, na mzee wa kuheshimiwa anachukua dumu tupu na kuzunguka nyumba hadi nyumba, kofia mkononi. "Nikajifunza," Anselmo husema, "anayeshika shingo ya dumu lako ameshika shingo yako." Kisha huwapeleka ufukweni, huwaonyesha meli zilizopanga foleni nje ya bandari. Mimi naziona kutoka jikoni kwangu kila siku, nilidhani ni pambo. "Meli ya mafuta ikichelewa, kwa vita vya watu tusiowajua, Dulla anakwendaje kazini Pinetown? Mkate unakujaje? Nchi kubwa hivi, imekaa inakodolea bahari kama mtoto anayemngoja mama arudi sokoni!"

Watu wa kanisani kwake huwaambia habari za mafuriko, ya ule mwaka maji yalipobeba nyumba na watu Durban. Yeye wakati ule alikuwa fundi wa jenereta. Mvua ilimbebea jenereta zote alizokuwa anatengeneza, na asubuhi alizikuta zimepinduka topeni, zinatema mafuta. Akasema moyoni: moshi wenu mmeupeleka juu, na juu kumeturudishia maji. Hapo hacheki, na anayemsikiliza naye hacheki.

Blaise anapenda kumchokoza: "Mon cher, na umeme ya ukuta? Si inatoka kwa makaa?"

"Ndiyo maana napanda juu ya bati, ndugu yangu, na wewe hupandi!"

Lakini mimi nilipata sababu ya tatu, na nadhani ndiyo mama wa zile mbili. Niliipata saluni, nikipeleka sambusa, kutoka kwa Larissa, msusi wa Kibukavu mwenye vidole virefu na kicheko kinachoanzia puani. Enzi zile za umeme kukatika kwa zamu, jenereta ya saluni yao ilikaa mlangoni, na fundi wake alikuwa Anselmo.

"Alikuwa ananuka sawa lori," Larissa aliniambia, anasuka, hanitazami. "Na ile moshi yake inaingia, mi nakohoa, mteja anakohoa, nasuka na kitambaa kwa pua. Siku moja namwambia, weye baba, utaniua. Kesho yake jenereta haiko. Iko betri, iko paneli kule juu. Nikauliza, bei gani? Akasema, bei ni kikohozi yako, nimeichukua."

Kichwa anachosuka kikacheka, akakipiga kofi dogo kitulie.

Mimi nilijifunza kuendesha guta kwa sababu Anselmo alichoka kuniona nikisubiri. "Dada, siri yote iko kwenye mkono wa kulia. Ukizungusha, linakwenda." Nilizungusha. Lilikwenda. Lakini mimi nina mtoto mgongoni, na mkono wangu wa kulia unalijua hilo hata mimi nikisahau. Nilikuwa naendesha uwanja mzima kwa mwendo wa mwari. Blaise alitembea pembeni yangu kwa miguu, mikono mfukoni, akanipita, akarudi.

"Mama Pandu! Iko konokono nyuma yako, anaomba njia!"

"Apite."

"Piga basi honi!"

Nikabonyeza honi. Ikasema "pii", kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Pandu peke yake ndiye aliyeshtuka.

Basi, Anselmo akapeleka posa kwa Larissa, na kila kitu kilikwenda kama siagi kwenye chapati ya moto, mpaka siku ya kupanga harusi. Kwa kuwa ndugu zake wote wako Kigoma, sisi ndio tuliokuwa upande wa kijana: Dulla msemaji, mimi mke wa msemaji, Pandu mshenga mdogo. Upande wa binti alikaa Mama Henriette, mama mdogo wa Larissa, aliyemlea tangu mtoto. Anauza vitenge mjini. Ni mama wa mwili na wa sauti, akikaa kwenye kochi kochi linajua limekaliwa.

"Mi nauliza moja tu," alisema. "Magari ya msafara iko ngapi?"

Dulla akamtazama Anselmo. Anselmo akatazama zulia. "Maguta matatu, mama."

"Ma-nini?"

Akaelezwa. Akajipepea na ncha ya kitenge.

"Kijana, sikia. Kwetu Bukavu, siku ya ndoa, honi inapigwa toka nyumbani mpaka kanisani. Mutu mwenye analala anaamuka. Mutu mwenye iko mugonjwa anatoka kwa dirisha, anauliza, ni mutoto ya nani huyo? Hiyo ndiyo kusema mutoto yangu haikuibwa, haikutoroka, anatoka kwa heshima. Ndoa yenye haina honi ni matanga. Na weye unataka nimupandishe kwa kitu yenye inalia sawa mbu?"

"Mama, nimeapa sitatia petroli tena. Mtaa mzima wa Point nimewaambia inawezekana. Wateja wangu nimewaambia. Siku yangu kubwa nikikodi magari, nani ataniamini tena?"

"Unaapa kwa petroli? Watu banaapa kwa Mungu!"

"Tantine," sauti ya Larissa ikatoka jikoni, "mi niko tayari hata kwa miguu!"

"Weye nyamaza. Bibi-harusi hana mudomo."

Dulla alisema maneno mazuri ya pande zote, mimi nilibadilisha nepi, na mwishowe Mama Henriette akatoa hukumu. Atapanda. Lakini wakifika kwenye roboti ya juu kabisa, yaani taa za kuongozea magari za mwisho kabla ya kanisa, na yeye bado hajasikia honi kama za Bukavu, atashuka, na Larissa atashuka naye, na watarudi nyumbani kwa teksi. "Na huyo mbu wako utaoa yeye."

Hapo ndipo raha ilipoingia mchanga. Kanisa lao liko juu kwenye kilima cha Berea, na wanaoijua Durban wanajua: mji umelala chini karibu na bahari kama mkeka, kisha ghafla unasimama. Anselmo alifunga spika kubwa kwenye guta la mbele, akatia sauti za honi zilizorekodiwa. Tukaenda kujaribu. Mahali pa kina mama tulipakia viroba vya unga, na Blaise akavibatiza majina, kiroba kikubwa kikaitwa Henriette. Mjini tulipita kwa mbwembwe, watu wakatupungia. Mlimani, nusu ya njia, spika ikaanza kuimba kama mlevi, sauti ikashuka, ikashuka, na guta likavuta pumzi moja ndefu na kusimama.

"Eish," Blaise akasema. "Samaki amekufa."

Tulisukuma. Spika inakula betri na mlima unakula betri, na betri moja haiwezi kulisha midomo miwili. Ama kelele, ama kanisa. Anselmo alikaa kwenye ukingo wa barabara karibu na kiroba kilichoitwa Henriette, masikio yameinama. Nilimpa sambusa. Akaila yote, akanyanyuka.

"Vigelegele!" akasema. "Vigelegele havili betri!"

Jumamosi ikafika na jua la kukaangia mayai, na hilo lilikuwa zawadi. Nilipofika uwanjani Anselmo alikuwa juu ya bati na suti yake ya harusi, anamalizia kuziosha paneli, goti moja limelowa. Maguta yalivikwa vitenge na neti nyeupe na maputo. Kwenye guta la mbele alipanda yeye, na nyuma yake Rhoda na wasusi wa saluni wenye sufuria na miko. La katikati liliendeshwa na Blaise, na nyuma alikaa Larissa, mweupe kama wingu, anacheka kupitia pua. La mwisho lilikuwa langu, kwa kuwa msafara haumwachi mtu, na mwendo wa wote ulipaswa kuwa mwendo wa anayechelewa.

Mama Henriette alitazama maguta yote, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mi napanda na huyu mwenye mutoto. Mama mwenye mutoto hawezi niangusha."

Akapanda. Guta likainama, likajikaza. Alikuwa amevaa kitenge cha dhahabu, kilemba kirefu kama mnara, na glavu nyeupe hadi kwenye viwiko. Alimchukua Pandu mapajani bila kuniuliza, na Pandu akashika hereni yake, wakapendana papo hapo.

Tukaondoka! Sijui niseme vipi. Rhoda alipiga kigelegele cha kwanza, sufuria zikaitika, na kutoka kwenye maghorofa ya South Beach watu wakatoa vichwa, ghorofa juu ya ghorofa, wengine na miswaki mdomoni. Mjini wauza matunda waliacha meza zao. Mzee mmoja wa Kizulu alivua kofia, akacheza hatua mbili na fimbo yake. Nilisikia nyuma yangu Mama Henriette akisema, kwa sauti ndogo, "Sawa. Si mbaya." Hereni zilikuwa zinalia, Pandu alikuwa anacheka, na mkono wangu wa kulia ulizungusha kidogo zaidi ya kawaida.

Pale Warwick, kwenye masoko na vituo vya teksi, kelele za watu zilimeza zetu. Kisha mlima ukaanza.

Guta la mbele likaanza kuyumba. Anselmo akageuka, akawaomba wasusi washuke, watembee pembeni, betri ibaki na nguvu. Wakashuka na sufuria zao na viatu vyao virefu. Mwanzoni walipiga vigelegele. Baada ya kona ya kwanza walipiga nusu nusu. Baada ya kona ya pili Rhoda, Rhoda ambaye sijawahi kumwona amenyamaza, alishika kiuno na kufungua mdomo, na mdomoni ikatoka hewa tu.

Kimya. Zzzz. Zzzz. Zzzz.

"Mama ya mutoto," Mama Henriette akasema nyuma yangu, polepole. "Unasikia nini?"

Mimi uongo hauniendi. "Ndege, mama."

"Na mi vilevile. Siku ya ndoa ya mutoto yangu, mi nasikia ndege." Akamrekebisha Pandu mapajani. "Roboti ile kule juu. Mi nashuka pale."

Niliiona roboti. Nilimwona Anselmo mbele akiigeukia, akitugeukia, akiigeukia tena. Larissa alikuwa ameacha kucheka.

Ndipo nyuma yangu ikalia. Paaap! Nilitazama kwenye kioo: teksi nyeupe imejaa abiria, na dereva ametoa kichwa na mkono dirishani. "Hamba, mama! Hamba!" Nenda, mama, nenda. Ningekwenda wapi? Nilikuwa nimezungusha mkono mpaka mwisho, na mwisho wangu ndio ule. Nyuma yake teksi ya pili ikapiga, paap paap. Ya tatu. Lori la soda. Basi. Mlima mzima nyuma yangu ulikuwa umejaa, na wote wamekasirika, na wote wanapiga honi.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unajua adabu. Upande wa kushoto palikuwa na nafasi pana, unaingia, unasimama, wanapita, unaomba radhi. Ndivyo nilivyolelewa. Nilikuwa naanza kukata kona niingie pale nilipohisi guta linainuka kidogo. Ni Mama Henriette aliyekuwa amekaa wima.

"Banapiga!" alisema. "Mungu wangu, banapiga honi!"

Nikaurudisha usukani. Nikakaa katikati ya njia yangu kama mwenye nyumba sebuleni.

Mama Henriette aligeuka nyuma, na kilemba chake, na kitenge cha dhahabu, na mwanangu begani, akanyanyua glavu yake nyeupe na kuwapungia. Taratibu, kulia, kushoto. Yule dereva alikuwa na tusi mdomoni, nililiona kwenye kioo, lilishafika kwenye meno. Akaona glavu. Akaona maputo. Akainua macho akaona, mbele yetu, neti nyeupe inapepea na bibi-harusi. Tusi likageuka njiani likawa kicheko. Akaanza kupiga upya, lakini sasa kwa mdundo, pap-pap-papaap, na abiria wake kina mama wakafungua madirisha na kupiga vigelegele vya Kizulu, vile virefu, vikali. Teksi ya pili ikadaka mdundo. Lori la soda likatoa sauti nzito ya chini, kama ng'ombe wa kwaya. Hata magari yaliyokuwa yanashuka upande wa pili yakaitika, bila kujua kwa nini, kama watu wanavyopiga miayo. Rhoda akapata pumzi nyingine, sijui wapi, sufuria zikafufuka, na tukaupanda mlima wa Berea tukivuta nyuma yetu nusu ya Durban.

Roboti ya juu ikawaka nyekundu. Tukasimama. Hapo ndipo angeshuka. Niliuma mdomo, nikamtazama kwenye kioo.

"Juu ya nini tunasimama?" Mama Henriette akapiga kelele, yaani kwa nini. "Mama, endesha! Watu banangojea!"

Anselmo aligeuka kule mbele. Uso wake ulikuwa kama paneli iliyotoka kuoshwa.

Mimi na Pandu hatukuingia kanisani. Tulikaa ngazini kivulini, nikamnyonyesha, tukasikiliza nyimbo zao zikitoka madirishani. Rhoda alitoka kupumzisha miguu, akavua viatu. Na ibada ilipokwisha, Anselmo alipotoka na mkewe mkononi na mchele kichwani, Rhoda ndiye aliyemwahi.

"Shemeji, hongera! Lakini nikuambie ukweli? Umeapa hutaki petroli, na harusi yako imepigiwa honi na magari ya petroli matupu!"

Watu wakacheka, Blaise zaidi ya wote. Anselmo hakutikisika.

"Dada Rhoda, honi ya gari lolote inatumia betri. Muulize fundi. Injini ndiyo ya petroli, na injini zao leo zote zilikuwa nyuma yangu."

Rhoda alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya pili siku moja.

Kisha Mama Henriette akashuka ngazi. Alimkumbatia Larissa, akalia kidogo, akajifuta kwa glavu. Akamshika Anselmo masikio yote mawili, akamvuta, akambusu mashavuni. "Mutoto yangu umemupandisha kwa heshima," alisema. "Hata dada yangu Bukavu hakupata vile. Polisi ya kuongoza haikukuwa, na magari yote ilifuata." Halafu akajipanga nguo, akatangazia kanisa zima: "Na kurudi, kule kwenye ukumbi, mi nataka honi izidi ya kule kupanda!"

Kicheko cha Anselmo kikakatika katikati. Ukumbi uko chini, South Beach. Nilimwona anatazama barabara inavyoteremka, laini, ndefu, mpaka baharini, kule meli zinakosubiri. Kushuka hakuli betri. Kushuka, maguta yale yanateleza kama sabuni bafuni, na tungekuwa ukumbini kabla dereva yeyote hajapata sababu ya kukasirika.

Akaja pembeni yangu, akachutama karibu na ngazi, goti lake lile lile lililolowa asubuhi sasa limekauka na alama ya chumvi. Alimpa Pandu kidole ashike. Akasema kwa sauti ya chini, Mama Henriette asisikie:

"Mama Pandu, dada yangu. Nakuomba kitu kimoja. Kushuka, guta la mbele chukua wewe, sisi wote tukufuate. Tena usitufanyie haraka ya harusi, nakusihi. Endesha ile polepole yako, ile yenyewe, mpaka Durban nzima ikasirike."